Soma Mchezo Kwanza: Vidokezo 12 Kabla Hujabadili Utaratibu wa Kazini

Umepata barua ya uhamisho, au umepandishwa cheo, au hii ndiyo ajira yako ya kwanza. Unaingia ofisini unakuta mambo. Barua moja inasainiwa kwenye daftari tatu. Mteja analipa dirisha hili, anachukua mzigo mlango ule, na getini mlinzi anauhesabu tena. Wauguzi wanazunguka kitanda kwa kitanda kila zamu inapobadilika, ilhali kila kitu kimeshaandikwa kwenye kitabu cha ripoti. Mkono unakuwasha. Unatamani kufuta, kuunganisha, kuleta kompyuta, kuokoa muda.

Hamu hiyo ni njema, na sehemu nyingi za kazi zinaihitaji sana. Ila utaratibu unaoukuta leo kwa kawaida uliwekwa kutatua shida fulani, na shida hiyo ilitokea wewe hujafika. Ukiuondoa bila kuijua shida, shida inarudi. Na ikirudi haimpati mwenye wazo. Inampata mtunza stoo anayekatwa mshahara, mgonjwa aliyerukwa dozi, mlinzi anayelala mahabusu kwa mali ambayo hakuiba. Kwa ajili ya watu hao, soma mchezo kwanza. Anzia hapa.

1. Andika kila unachokishangaa, ila usikitamke bado

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Macho mapya huona ambacho wenyeji wamekizoea, lakini nayo huzoea haraka. Miezi michache tu, na ile foleni iliyokushtua siku ya kwanza haitakushtua tena. Kwa hiyo tafuta daftari dogo. Katika wiki mbili za mwanzo, kila kinachokushangaza kiandike kwa sentensi moja na uache nafasi chini yake. Nafasi hiyo utaijaza siku utakapoijua sababu.

Kikaoni nyamaza kwanza. Mtu aliyekaa pale miaka kumi na mitano akikusikia siku ya tatu unasema “huku mnafanya mambo kizamani,” anafunga mdomo. Na yeye ndiye mwenye majibu unayoyatafuta.

2. Fuata karatasi moja mpaka mwisho wake

Chagua kitu kimoja, iwe ombi la likizo, hati ya malipo, oda ya mteja au faili la mgonjwa, kisha ufuatane nacho kutoka kinapoingia hadi kinapomalizika. Simama pale kinaposimama. Kikilala siku mbili kwenye trei ya mtu, jua kimelala kwa nani na kinasubiri nini. Taiichi Ohno, mhandisi aliyeujenga mfumo wa uzalishaji wa Toyota, alikuwa akichora duara kwa chaki kwenye sakafu ya kiwanda na kumsimamisha meneja ndani yake kwa saa nyingi, atazame tu kazi inavyokwenda. Nusu siku ya namna hiyo inakufundisha kuliko vikao vitatu.

Chukua duka kubwa la vifaa vya ujenzi. Mteja anataka mifuko kumi ya saruji. Kaunta wanamwandikia. Keshia anapokea pesa, anatoa risiti na karatasi ya kutolea mzigo. Stoo wanahesabu mifuko. Getini mlinzi anahesabu tena na kuichana kona ile karatasi. Watu wanne kwa mifuko kumi! Ukipita haraka utaona foleni tu. Ukisimama utaona kwamba anayeshika pesa hagusi saruji, anayegusa saruji hashiki pesa, na karatasi iliyochanwa kona haiwezi kutoa mzigo mara ya pili. Ili mfuko mmoja uibwe, lazima watu kadhaa wale njama. Ukimfanya keshia awe pia mtoa mzigo, foleni itapungua kweli, lakini utakuwa umefungua mlango wa wizi, na hutajua mpaka siku ya kuhesabu mali.

Je, utaratibu huo hauwezi kuharakishwa? Unaweza. Risiti inaweza kwenda stoo kwa mtandao huku mteja bado yuko kaunta. Kinachotakiwa kubaki ni ule utengano wa pesa na mzigo. Hilo huwezi kulijua kwa kutazama foleni peke yake.

3. Uliza “ilianza lini?”

“Kwa nini mnafanya hivi?” ni swali la haki, lakini likitoka kwa bosi mpya linasikika kama la mkaguzi. Mtu anajihami. Anakujibu “ndivyo tulivyoelekezwa,” na mazungumzo yanaishia hapo. Jaribu haya:

“Shikamoo mama. Hebu nifundishe hii. Zamani mlikuwa mnafanyaje?”

“Ilianza lini? Wakati wa mkurugenzi yupi?”

“Kabla yake mlikuwa mnapata shida gani?”

“Tukiiacha wiki moja tu, nani atakuwa wa kwanza kulalamika?”

La pili lina siri yake. Ofisi nyingi hukumbuka mambo kwa enzi za viongozi kuliko kwa tarehe, na ukishaitaja enzi, habari yenyewe inafuata: ule mwaka fedha za semina zilipopotea, yule mteja aliyekuja na risiti ya kughushi. La mwisho ndilo ninalolithamini zaidi. Ukijibiwa “hakuna atakayelalamika,” huenda umepata utaratibu uliokufa zamani na watu wanaubeba tu. Ukitajiwa mtu, nenda kwake siku hiyohiyo.

4. Vitabu viwili si lazima viwe marudio

Kitu kinachowaudhi wengi waliozoea kompyuta ni kuona jambo moja limeandikwa mara mbili. Ingia stoo ya dawa ya kituo cha afya. Kwenye rafu, mbele ya boksi za amoksilini, imening'inia bin kadi: tarehe, zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki, saini. Mezani kuna leja yenye tarakimu zilezile. Ya nini yote haya?

Kadi hujazwa palepale mkono unapotoa dawa. Leja hujazwa kutoka kwenye hati za mapokezi na za maombi. Vyanzo ni viwili. Mwisho wa mwezi mtu anahesabu boksi kwa mkono na kulinganisha namba tatu, ya kadi, ya leja na ya rafu. Kadi na rafu zikikubaliana lakini leja ikapingana nazo, huenda kuna hati haijaingizwa. Kadi na leja zikikubaliana lakini rafu ikawa pungufu, kuna dawa zimetoka bila kuandikwa. Kitabu kimoja hakiwezi kukuonyesha pa kuanza kutafuta.

Daftari la dispachi lina kazi ya namna hiyo. Barua ya kumtaka mtu ajieleze ndani ya siku 14, au notisi ya kuvunja mkataba, hesabu yake huanzia siku ilipopokelewa. Saini na tarehe ya mpokeaji ndizo zitakazosimama siku mtu atakapodai hakuiona. Mfumo wa kompyuta unaweza kuifanya kazi hiyo vizuri kabisa, mradi aliyeuweka alijua kwamba kazi hiyo ipo.

Hata hivyo kuna marudio ambayo ni marudio tu. Kuyatambua ni rahisi: uliza vitabu hivyo viwili vililinganishwa lini mara ya mwisho. Kama hakuna anayevilinganisha, havimlindi mtu yeyote, na unayo hoja ya kuondoa kimoja.

5. Tazama wanachofanya, kisha ndipo usome mwongozo

Mwongozo husema kazi ilivyokusudiwa. Watu huifanya inavyowezekana. Pengo kati ya hayo mawili usiliite utovu wa nidhamu kabla hujalichunguza, kwa sababu humo ndimo mawazo bora yanamokaa.

Oktoba 2005 Vodafone na Safaricom walianza majaribio nchini Kenya wakishirikiana na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu. Kusudi lilikuwa wakopaji wapokee na kurejesha mikopo yao kwa simu. Wenye mradi walipofuatilia, wakakuta watu wanatumiana pesa wao kwa wao, na wengine wanaweka pesa kwa wakala kabla ya safari na kuzitoa wanakofika, wasibebe taslimu njiani. Wangeweza kuwaambia wafuate maelekezo. Wakasoma mchezo. Huduma hiyo, M-Pesa, ilipozinduliwa kwa umma Machi 2007, kutuma pesa nyumbani ndiko kulikowekwa mbele, na mikopo ikaachwa pembeni. Leo kuna mamilioni ya watu Kenya na Tanzania wanaoishi na matokeo ya uamuzi ule.

6. Soma walichopanda

Kidokezo hiki kina mfano mkubwa, na uko mkoani Dodoma.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza ilikuwa na uhaba mkali wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company, akapendekeza karanga zilimwe kwa mashine Tanganyika. Timu iliyoongozwa na John Wakefield ikatumwa kukagua. Ikazunguka kwa wiki chache, ikarudi na ripoti ya matumaini makubwa: zaidi ya ekari milioni 3 zisafishwe, nyingi zikiwa Tanganyika. Kazi ikaanzia Kongwa, ambako ardhi ilionekana iko wazi, inasubiri mwenye trekta.

Haikuwa wazi. Wagogo walikuwa wakiishi sehemu zile, wakilima na kufuga, kwa vizazi. Walipanda mtama na uwele. Walitegemea ng'ombe. Maeneo makubwa ya pori waliyaacha yalivyo. Kila moja ya hayo lilikuwa taarifa kamili kwa mtu mwenye kutaka kusoma. Mtama na uwele ni mazao yanayovumilia ukame, na mtu anayeyapanda mwaka hadi mwaka anakueleza hali ya mvua kwa uhakika kuliko vipimo vya misimu michache. Ng'ombe anahama kufuata maji. Karanga haihami. Na pori lililoachwa na wakulima wanaohitaji ardhi lina sababu ya kuachwa.

Matrekta yakaletwa, mengine yakiwa yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Mizizi ya vichaka na mibuyu ikayavunja. Udongo wa mfinyanzi wenye chembe kali za kwatzi ukala vyuma vya majembe, na kiangazi ulipokauka ukawa mgumu kiasi kwamba hata karanga zilizokomaa hazikung'oleka. Mvua ikaja kidogo, au isije wakati wake. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikautangaza mwisho wa mpango huo, na takriban paundi milioni 36 zikafutwa vitabuni. Karanga zilizovunwa zilikuwa chache kuliko zilizonunuliwa kwa ajili ya mbegu.

Wataalamu wale walikuwa wamesoma na walifanya kazi kwa bidii. Walikosa jambo moja tu: kumchukulia mkulima wa Kongwa kama mtu mwenye ujuzi wa kazi yake, ambaye mazao yake shambani ni ushauri uliokwisha kuandikwa.

Sasa rudi ofisini kwako utazame watu “wamepanda” nini. Mhasibu anayechapa kila kitu na kukifungia kabatini anakueleza habari za umeme na mtandao wa jengo hilo. Dada wa mapokezi aliyebandika namba za mafundi ukutani kwa karatasi anakueleza kwamba saraka rasmi ilipitwa na wakati. Dereva anayejaza mafuta asubuhi kabla hata hajapangiwa safari anakueleza jinsi vibali vya safari vinavyotoka dakika za mwisho. Ukiwakemea wote watatu utapata utii na utapoteza taarifa.

7. Kaa zamu ya usiku

Ofisi ya saa nne asubuhi, meneja yupo na umeme upo, haikufundishi mengi. Nenda siku ya mishahara, siku ya mnada, wiki ya kufunga mahesabu, usiku.

Wodini, saa ya kupokezana zamu, utawaona wauguzi wawili, anayeondoka na anayeingia, wakipita kitanda kwa kitanda. Kwa haraka ni dakika ishirini zilizopotea, maana ripoti imeandikwa. Sogea karibu usikilize. “Huyu dripu yake tumeibadilisha saa kumi, mwangalie mkono, ulikuwa unavimba.” Anayeingia anainama, anaugusa mkono. Kitanda cha pili, mgonjwa mwenyewe anaongeza jambo ambalo halikuandikwa: tangu usiku hajapata haja ndogo. Halafu wanafungua kabati la dawa zenye udhibiti mkali, wanahesabu pamoja vichupa vya pethidini na mofini, namba inalinganishwa na daftari, wote wawili wanasaini, ndipo funguo zinabadilishana mikono. Kuanzia hapo kikipotea kichupa kimoja, inajulikana kilipotea zamu ya nani. Zile dakika ishirini zinamlinda mgonjwa na zinawalinda wauguzi wenyewe. Msimamizi anayezifuta ili “kuboresha matumizi ya muda” anawanyang'anya ngao, na sioni haya kumwambia hivyo.

8. Sababu mbaya nazo zipo

Kusoma mchezo hakuna maana ya kuheshimu kila kitu. Kuna hatua zilizowekwa ili mtu fulani afuatwe, abembelezwe, apewe chochote. Kuna saini ambayo mwenye nayo haisomi karatasi anayoisaini, anataka tu aombwe. Kuna fomu inayouzwa steshenari moja tu, na steshenari ni ya ndugu wa mtu.

Dalili zake zinajulikana. Hatua ya ulinzi hufanya kazi ileile kwa kila mtu. Hatua ya ulaji hurukwa kwa wanaojuana. Hatua ya ulinzi huacha kumbukumbu. Hatua ya ulaji hufanyika kwa mdomo, koridoni. Ukimuuliza mwenye hatua ya ulinzi ingekuwaje ikiondolewa, anakutajia hasara itakayoipata ofisi. Mwenye hatua ya ulaji anakutajia cheo chake. Hapa usipoteze muda kuhurumia historia. Kusanya ushahidi, jua ni nani wanaofaidika na wana nguvu kiasi gani, tafuta aliye juu yao atakayekuunga mkono, kisha ondoa.

9. Pima kabla hujagusa

Mabadiliko mengi ya ofisini hayana namba ya “kabla.” Mtu analeta mfumo mpya, baada ya miezi sita anasema mambo yamekuwa mazuri, wenzake wanasema yameharibika, na hakuna wa kuamua.

Shirika la Afya Duniani lilipotaka kuleta orodha ya ukaguzi wa usalama kwenye vyumba vya upasuaji, lilichagua hospitali 8 duniani za kuijaribia. Moja ilikuwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara. Nyingine zilikuwa Toronto, London, Seattle, Auckland, New Delhi, Manila na Amman. Kabla orodha haijaingia chumbani, walikusanya taarifa za wagonjwa 3,733 waliopasuliwa kwa utaratibu uliokuwepo. Kila hospitali ikajua upungufu wake ulipo, na orodha ikarekebishwa ifuate mwendo wa kazi wa mahali husika. Baada ya hapo wakafuatilia wagonjwa 3,955. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009, na dunia ikayasikiliza kwa sababu upande wa “kabla” ulikuwepo.

Wewe huhitaji wagonjwa elfu tatu. Hesabu kwa wiki tatu: mteja anasubiri dakika ngapi, ni hati ngapi zinarudishwa kwa makosa, ni malalamiko mangapi yanaingia. Waombe wafanyakazi wenyewe wakusaidie kuhesabu. Wakihesabu wao, wataiamini namba.

10. Eleza na usikilize, amri haitoshi

Kwenye milima ya Uluguru, miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ililazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Kusudi lilikuwa kuhifadhi ardhi. Lakini udongo wenye rutuba pale ni tabaka jembamba, na kuchimba ngazi kuliufukia na kuleta juu udongo usiozaa. Wakulima waliliona hilo kwenye mavuno yao, hawakusikilizwa. Mwaka 1955 zikazuka ghasia na mpango ukaachwa. Cheo kinaweza kuwafanya watu wachimbe. Hakiwezi kuufanya udongo uzae.

11. Jaribu kona moja, na weka tarehe ya kuzika cha zamani

Anza na dirisha moja, wodi moja, darasa moja. Acha utaratibu wa zamani uende sambamba na mpya kwa muda unaojulikana, kisha chagueni.

Nasisitiza “muda unaojulikana,” maana hapa ndipo wafanyakazi wetu wanapoumizwa sana. Mfumo wa kompyuta unaletwa, daftari halifutwi, na muuguzi mmoja anajaza vitabu vya MTUHA, vya taarifa za huduma za afya, kwa kalamu, kisha anakaa kwenye kompyuta kuingiza yaleyale, huku wagonjwa wamejaa benchi. Majaribio ya miezi mitatu yanageuka mzigo wa miaka. Ukianzisha kitu kipya, tangaza siku ileile uliyoanzisha: ifikapo tarehe fulani tutalinganisha, na kimoja kitaondoka. Siku hiyo ikifika, kaeni mlinganishe kweli. Na kama cha zamani ndicho kilichoshinda, ondoa chako.

12. Iache sababu imeandikwa

Shida nzima niliyoieleza hapa inatokana na jambo dogo: aliyeweka utaratibu aliandika nini kifanyike, hakuandika kwa nini. Akastaafu, akahamishwa, akaondoka na sababu kichwani. Waliobaki wakaendelea kwa utii, na wewe ukaja ukaona upuuzi.

Usimfanyie hivyo atakayekufuata. Ukiubakiza utaratibu, andika sababu uliyoigundua. Ukiubadilisha, andika uliukuta ukoje, ulikuwa unazuia nini, kipya kinazuiaje jambo hilohilo, na ni kitu gani kikitokea ujulikane umeshindwa. Sentensi nne zinatosha. Zibandike ndani ya jalada la kitabu chenyewe au ziweke mwanzoni mwa mwongozo, mahali mtu wa kazi atakapoziona, kwa maana taarifa ya makabidhiano ikishafungiwa kabatini haisomwi.

Kesho ukifika kazini, chukua utaratibu mmoja tu, ule unaokukera kuliko yote, na kabla ya saa sita mchana mtafute mtu mmoja aliyekuwepo utaratibu huo ulipoanza. Msalimie, kaa naye, umuulize zamani mlikuwa mnafanyaje.